Dole Lisilo na Kovu

Basant aliipeleka barua kwa karani wa posta ili amsomee. Ilitoka kwa mwanawe Gurdit, askari aliyevushwa bahari kwenda kupigana katika vita vikuu vya Wazungu.

“Furahi, mama,” karani akasema. “Anasema ni mzima, anakula vizuri, na baridi ya huko ameizoea.”

“Nipe nimwone.”

Karani akampa barua huku akicheka. “Utamwona wapi, nawe husomi?”

Gurdit pia hakujua kuandika. Wenzake walimwandikia, naye akatia dole gumba chini, na kila alama ilikatwa na mstari mweupe wa kovu, pale mundu ulipomjeruhi utotoni. Barua kumi na moja za awali zilikuwa na mstari huo. Dole la leo lilikuwa zima.

“Kovu limekwenda wapi?” Basant akanong’ona.

“Labda wino ulizidi, mama.” Karani hakucheka tena. “Tumjibu nini?”

“Andika hivi: Wewe uliyetia dole hili, mwanangu umemwacha wapi?”

Kisha akachovya dole lake katika kidau, akaliinua juu ya karatasi, asiweze kulishusha, hata wino ukaanza kudondoka.