Cheti cha Kuzima na Kuwasha

Sheria hairuhusu mtu kugusa mashine bila cheti, hata iwe ya nyumbani kwake. Ndiyo maana sauti ya marehemu Mzee Kitwana, iliyobaki ikiongea na familia kutoka kwenye kisanduku cha sebuleni, ilipoanza kukwamakwama, mjane wake Bi Pili aliuza cherehani ili binti yao akasome.

Mwanahawa alirudi baada ya mwaka, cheti mkononi. Mama yake alikuwa ameshampangia bisibisi juu ya kitambaa safi.

"Ziondoe tu, mama. Cheti hiki ni cha ngazi ya kwanza. Kinaniruhusu kuzima na kuwasha, basi."

"Si uzime, halafu uwashe?"

"Nikizima, baba harudi."

Bi Pili akaketi pale palipokuwa na cherehani. "Mwaka mzima, mwanangu, wamekufundisha kuzima?"

Kisanduku kikakoroma, kikanyamaza, kisha ile sauti ikajikongoja kutoka.

"Hawa... Hawa... mwanangu, umefaulu?"

"Nimefaulu, baba," akajibu, mikono ameificha mgongoni.