Firigisi ya Marlène

Tegueni, wajukuu: kuku mumoja, firigisi moja, wachumba wawili mezani. Nani anakula?

Kwetu Waluba, firigisi ni ya bwana wa nyumba. Binti akikutilia kwenye sahani mbele ya wazee, amekuchagua. Basi Marlène wetu alipoichota na kijiko, tonge la bukari liliganda mukononi mwangu.

Akamutilia kijana wa Mulungwishi! Mama zake Marlène wakafungua vinywa kupiga vigelegele.

Lakini ule mutoto alikulia internat, bweni la shule ya misheni, desturi haijui. Akaiokota kwa heshima yote, akamunyoshea mchumba mwenzake wa Kambove.

"Kamata, yaya, mukubwa wangu. Miye sikulake ile kintu."

Yule wa Kambove, Muluba kamili, akacheka mpaka jino la mwisho. "Aksanti sana, ndugu yangu!" Akaipeleka kinywani.

"Weye! Acha!"

Marlène aliruka, sufuria ikapinduka, mchuzi ukamwagikia kikwembe kipya alichovaa. Akainyakua firigisi toka vidole vya yule, akamugeukia mupenzi wake, akamusukumia mwenyewe katikati ya meno, mbele ya baba yake, mbele ya pasta mugeni wetu.

"Tafuna!"