Mwenye Pombe Huonja Kwanza

"Usimeze bado!" Mzee Ndolo, mhudumu wa kaunta, alimkemea fundi wa magari aliyekuwa karibu kukigeuza kikombe juu chini. "Huo si uji, kijana. Ramu nyeusi imelala kwenye pipa miaka na miaka, halafu wewe unataka kuimaliza mara moja? Iache ulimini kwanza. Enhe. Sasa unasikia nini?"

Fundi alifumba macho. "Ni kama... sukari imeungua, mzee."

"Ndiyo hiyo! Na zabibu kwa mbali."

Kila Jumamosi mchana ilikuwa hivyo katika baa hiyo ndogo ya mtaa wa Tena. Watu walitoka hata Kware kuja kufundishwa kunywa, kana kwamba kunywa ni kazi ngumu. Ramu nyeupe, Ndolo aliwaambia, ina makali, kwa hivyo ikamulie ndimu na uiongezee soda ya tangawizi. Ya dhahabu itie barafu, uketi, upige gumzo. Ya viungo ni dawa ya baridi ya Julai, ndani ya chai ya rangi. Nyeusi inywe peke yake, au na matone mawili matatu ya maji, basi. Na zote mama yao ni mmoja, muwa. Hapo Khavere, mpishi wa baa na mzaliwa wa Kakamega, hupiga makofi utadhani mashamba yote ya miwa ni ya babake.

Leo Khavere hakupiga makofi. Alitoka chooni mbio akipunga kitambaa.

"Mzee! Samosa zinaungua hapo nyuma yako, na wewe unahubiri tu!"

Ndolo aligeuka, akauona moshi, akazima gesi. "Nikianza na ramu husahau dunia," alisema, na watu wakacheka.

Sally hakucheka. Ndiye aliyeinunua baa hiyo juzijuzi, na tangu aingie alikuwa akimtazama Ndolo kama mtu anayetazama kiti kizee, asijue akikarabati au akitupe.

"Mzee, nimezisikia sifa zako mpaka zimenichosha," alisema. "Lakini maneno hata kasuku anayo. Leo nakupima. Ukishindwa, Jumatatu mpwa wangu Ryan ataingia kaunta."

Kwa umri wa Ndolo, nani angemwajiri tena? Na si mshahara tu. Aliipenda Jumamosi yake, kelele zake, hata wale wasiojua kunywa. Bila hiyo angebaki nyumbani akihesabu magari yanayopita Barabara ya Kangundo. Aliogopa waziwazi, akaificha mikono ndani ya aproni.

Sally alirudi kutoka stoo na sinia. Juu yake kulikuwa na vikombe vinne, vyeusi nje na ndani, ili rangi isimsaidie mtu.

"Haya. Onja uniambie."

Ndolo hakugusa kitu. "Samahani, mama. Kwetu Ukambani, anayekupa pombe huonja kwanza, tena mbele ya macho yako. Waliodharau mila hiyo hawapo leo kusimulia."

"Ati nikuwekee sumu?"

"Mila ni mila."

"Onja, mathe, usituogopeshe!" fundi alipaza sauti, na baa ikaunga mkono kwa kugonga meza.

Sally alitikisa kichwa, lakini akaonja. Hakuwa mnywaji, hilo lilionekana. Mdomo ulimvutika upande na machozi yakamlengalenga. Ndolo alipokea kikombe, akainywa ile ramu taratibu, akaangalia dari.

"Nyeupe."

"Sawa," Sally alisema kwa shingo upande. Akaonja cha pili, akajilamba midomo, akakunja kipaji cha uso kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule akasahau jina lake. Ndolo naye akanywa.

"Ya viungo hii. Mdalasini, na karafuu kidogo."

"Wueh!" Khavere alishangaa. Samosa zenyewe alikuwa amezisahau.

Cha tatu Sally alikinywa bila taabu yoyote, isipokuwa kicheko kidogo alichokibana kwenye pembe ya mdomo. Ndolo alionja, akakirudisha kikombe kwenye sinia, akamtazama kwa huruma.

"Chai ya rangi, mama. Unanichezea shere mzee mzima?"

Watu waliruka. Mtu alimwaga bia yake na hakujali. Sally mwenyewe alicheka safari hii, na alipoonja cha nne, alikalia kigoda cha kaunta alichokuwa amekikataa tangu aingie, akaachia pumzi ndefu.

Ndolo hakuharakisha. "Nyeusi," alisema hatimaye. "Nzuri sana. Ya dhahabu umeiacha kabatini."

Sally alisimama akampa mkono. "Ryan atajitafutia kwingine. Ulimi kama huu siuachi uende." Kisha akachukua ile chupa ya ramu nyeusi iliyobaki nusu, akamkabidhi. "Kanywe na mama watoto."

Ndolo alifika nyumbani Komarock jua likizama, akipiga mbinja. Mkewe, Mbeti, alisikiliza kisa chote akicheka, na walipofika kwenye chai ya rangi akashika mbavu. Ndolo alileta glasi moja, akammiminia.

Mbeti aliiinua, kisha akasita. "Na wewe, bado?"

"Bado. Tangu ile korona, sijasikia harufu wala ladha ya kitu chochote." Ndolo alivuta kiti, akaketi mbele yake. "Kunywa polepole, nikuone uso."