Jagi la Alama Tisini na Nane

Mzee alikwisha kupewa kalamu nyekundu tatu, na bado alikuwa akitafuta. Aliinua mito ya makochi, akachungulia nyuma ya redio, akapapasa mifuko ya koti lake la sherehe; na kila alipoulizwa anatafuta nini, alijifunika mdomo kwa leso na kutikisa kichwa.

"Baba yenu hajanena neno tangu asubuhi," mama mkwe alimnong'oneza mkamwana wake mdogo jikoni. "Hata mkate ameurudisha. Na bilauri ya chumbani kwake ilivunjika jana, basi leo ni kisirani mtindo mmoja."

Mkamwana alichungulia sebuleni. Mkwewe alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mitano, na kustaafu hakukumwondolea ualimu. Kileo hakikuvuka kizingiti chake. Badala yake, kila sikukuu ya ukoo, wake wa wanawe walileta kila mmoja kinywaji alichokibuni mwenyewe, naye akavisahihisha. Alama zilibandikwa ukutani sebuleni mwaka mzima. Za mkamwana mdogo zilisomeka hivi, miaka mitatu mfululizo: "Thelathini na moja. Hajitahidi." Binti yake alijifunzia kusoma kwa maneno hayo.

Na mwaka huu hakuwa hata na cha kusahihishwa. Juisi yake ya pasheni ilikuwa imemwagika yote kwenye kiti cha gari, mumewe alipofunga breki kumpisha bata.

"Mdogo wangu, mbona mikono mitupu?" aliuliza mke wa kaka mkubwa, ambaye kwa tabia yake ya kupima kila kitu kwa kijiko walimbandika jina la Mizani. Alikuwa ameikumbatia chupa yake ya zabibu na karafuu kama mtoto mchanga. "Au umetuletea maji ya bomba?"

"Jihadhari, dada," mkamwana mdogo alimjibu. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Tembo, nyumbani kwa Mzee? Nyamaza, usije ukatufukuzisha!"

Mama mkwe akamkonyeza mkamwana mdogo. "Nenda stoo, mwanangu. Hutakosa cha kukusitiri."

Dirishani stoo kulikuwa na jagi refu jeupe la kauri, limefunikwa kwa kitambaa safi. Alichovya kidole, akaonja. Mnanaa, magadi soda kwa mbali, chumvi kidogo. Moyo ukamlainika: mama wa watu alikuwa amemwanzia, akamwachia amalizie. Akakamua ndimu tatu, akamimina asali, akatandaza vipande vya nanasi juu. Kinywaji kikachemka chenyewe, povu likapanda hadi ukingoni kana kwamba lilikuwa likingoja kuitwa.

Sebuleni, watu ishirini walikaa kimya kama watahiniwa. Mzee alionja cha Mizani, akaandika: "Themanini na nne. Karafuu zinajisifu." Kisha mkamwana mdogo akamimina chake. Kitu kikagonga ndani ya jagi, ko! naye akamshukuru mama mkwe moyoni, hata barafu hakuisahau.

Mzee akanywa. Akafumba macho. Akaisukuma bilauri ijazwe tena, jambo ambalo halijapata kutokea, akainywa yote, kisha akaandika taratibu: "Tisini na nane. Mbili nimezikata kwa kuwa imo ladha ninayoifahamu vizuri, na mpishi hakuitaja."

Vigelegele vikapaa. Binti wa mkamwana mdogo alikwenda moja kwa moja ukutani, akaibandua ile karatasi ya zamani. Kila mtu alitaka kuonja. Hata Mizani alikunywa bilauri mbili, akijifanya anachunguza.

"Haya, umetia nini humu?" Mizani alimbana. "Sema kweli mbele ya wakubwa."

"Ni siri ya nyumba hii, dada," alijibu, akamgeukia mama mkwe kwa macho ya shukrani.

Mama mkwe alikuwa amelikodolea macho lile jagi. "Mwanangu," alisema polepole, "mimi nilikusudia uchukue machungwa."

Lakini Mzee, asiyetaka hata tone lipotee, alikwisha kulinyanyua jagi na kulipindua juu ya bilauri yake. Nanasi likateleza, na nyuma ya nanasi ikatumbukia seti nzima ya meno ya bandia, ikatulia ndani ya bilauri, ikiwakenulia watu wote ishirini.

Mzee akayatoa, akayabandua jani la mnanaa, akageuka upande kwa adabu, akayapachika mahali pake.

"Mwanangu," akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile, "zile alama mbili nimekurudishia."