Blanketi Kaburini

Mvua ya kiangazi, ambayo hakuna aliyeitarajia, ilinyesha mfululizo tangu juzi, tulivu na ya baridi, na watu wa mji ule mkavu wakatoka nje kuilaki kwa vigelegele. Tunu alishika njia ya makaburini na blanketi kwapani. Kaburi la mumewe, aliyezikwa juma lile, lilikuwa limeanza kumomonyoka. Akalifunika.

Mama mkwe wake alimfuata, akamshika bega. "Twende nyumbani, mwanangu. Aliye chini hasikii baridi."

"Hakuizoea, mama. Na mvua hii aliingoja mpaka akafa."

Mama yule akachutama matopeni, akavua kanga yake ya kichwani, akaitandaza upande wa miguu, ambako blanketi halikufika.