Balozi wa Ukutani

Katika jimbo lile hakuna aliyepanga foleni tena, kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa sauti iliyokaa ukutani katika kila nyumba. Nyamizi, fundi cherehani aliyehamia majuzi, alikuwa hajafungua hata mizigo pale sauti ilipomwambia, "Karibu, mama. Leseni yako ya ushonaji iko tayari. Kikundi cha mafundi kinakusubiri Ijumaa, na kadi ya zahanati hii hapa."

Nyamizi alishika kichwa. Kwao, barua ya utambulisho peke yake ilimchukua wiki mbili za njoo kesho. "Balozi, Mungu akuzidishie!" alisema, na alisema kutoka moyoni.

Miezi mitatu ikapita bila kukosa kitu. Siku moja chumvi ilimwishia mboga ikiwa motoni. Akachukua bakuli, akafurahi: leo atabisha hodi kwa jirani. Alipofungua mlango, akakuta pakiti ya chumvi kizingitini.

"Sasa jirani nitamjuaje?" akauliza kwa unyonge.

"Ombi limepokelewa, mama. Jumanne, saa nne."

Jumanne, saa nne kamili, hodi ikabishwa. Mwanamke mcheshi alisimama mlangoni na bakuli. "Jirani, nisaidie chumvi kidogo."

Nyamizi alikimbilia kopo kwa furaha. Alipotaka kumimina, akaona bakuli limeshajaa chumvi. Akamimina vivyo hivyo, ikamwagika sakafuni. "Karibu ndani, uketi."

Mgeni akautazama ukuta kwanza, ndipo akaketi.