Vishimo Tisa vya Mwambani

Mpima ardhi alipowasomea wakazi wa mtaa mpya kwamba hapa palikuwa pori tupu, na kwamba mwamba uliokuwa kando ya nyumba utavunjwa ili barabara ipite, bibi kizee Sikudhani alicheka mpaka akakohoa. Yeye alizaliwa hapo hapo, kabla ya kuta na mageti. Tena alijua kuwa kila anayekuja kuchukua huanza kwa kusema hapakuwa na mtu.

"Bwana mpima, pori linasaga mtama?"

"Mama, ramani ndivyo inavyosema."

"Ramani haijawahi kula ugali wetu. Njoo."

Akampeleka mwambani, majirani nyuma yao. Alipiga magoti akafagia majani kwa upindo wa kanga. Vikatokea vishimo tisa, laini kama mabakuli, vilivyolika kwa mikono ya wanawake waliosaga hapo miaka nenda miaka rudi, kila mmoja na chake.

"Hiki cha bibi yangu, Nyamizi. Tia mkono."

Mpima alisita, akatia. Mkono ukazama mpaka kwenye saa yake ya mkononi.

"Haya, hiyo ni miaka mingapi kwa hesabu zenu za chuo?"

Mpima akautoa mkono taratibu. Mwanamke mmoja wa nyumba za ghorofa akavua viatu, akapanda mwambani.

"Na hiki, bibi, cha nani?"

"Cha Mbuke. Alikuwa akiimba vibaya kuliko wote," alisema Sikudhani, kichwa juu kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. "Andika, bwana mpima."

Mpima akafuta neno pori, akaandika Nyamizi na Mbuke. Penseli ikabaki hewani juu ya ramani, ikisubiri majina saba yaliyobaki.